TAHARIRI: Kufurahia Ushindi na Kumcheka Aliyeshindwa

Sifa zote njema anastahiki Allah, Mola wa walimwengu wote. Rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), aali zake, Maswahaba wake na kila aliyewafuata kwa wema mpaka Siku ya Malipo. Ama baad.

Ndugu Waislamu, limo neno moja la Kiarabu ambalo limeenea katika vinywa vya watu wa jiji hili kwa namna ambayo sisi walimu wa madrasa hatukuitarajia. Neno hilo ni khamsa. Tulikuwa tumezoea kulitumia tunapowahesabia watoto swala tano za faradhi na nguzo tano za Uislamu. Tarehe 5 Novemba 2023, Young Africans ilipoifunga Simba mabao 5 kwa 1 katika Uwanja wa Benjamin Mkapa, neno hilo likahamia uwanjani, na tangu hapo hata vijana wasiojua alifu kwa kijiti wakawa wanalitamka kwa ufasaha kabisa, huku wakinyoosha vidole vitano mbele ya nyuso za wenzao: njiani, kazini, sokoni na, tunasema haya kwa masikitiko, barazani mwa misikiti.

Hatuandiki kwa ajili ya kuitetea timu iliyofungwa. Wala hatuandiki kuipinga iliyofunga. Miongoni mwa waumini wa misikiti yetu ya Kimara wamo wapenzi wa pande zote mbili, na hata katika bodi ya jarida hili wamo, ingawa kila mmoja wao hukanusha anapoulizwa. Tunachotaka kukitazama ni kile kinachofanyika baada ya mpira kuingia wavuni, kwa mchezaji aliyefunga na kwa mtazamaji aliyemshangilia, kwa sababu katika dakika hizo chache hudhihirika mambo ya moyoni ambayo dakika 90 za mchezo hazikuyadhihirisha.

Tuanze kwa kuondoa shaka. Wapo ndugu zetu ambao kila inapotajwa kandanda hukata shauri kwa neno moja, kwamba ni upuuzi na haramu, kisha huona wamemaliza kazi. Njia hiyo ni nyepesi lakini si ya elimu. Imethibiti katika Bukhari na Muslim kwamba Wahabeshi walicheza kwa mikuki yao ndani ya Msikiti wa Mtume siku ya Idi, naye Mtume (s.a.w.) akamsitiri Bibi Aisha (r.a.) huku akiwatazama mpaka akatosheka mwenyewe. Imepokewa na Abu Dawud na Ahmad kwamba Mtume alishindana mbio na Bibi Aisha, akashindwa. Kisha baada ya muda wakashindana tena, safari hii akashinda yeye, akamwambia kwa kicheko kwamba ushindi huu unalipa ule. Basi mchezo upo katika dini yetu, kushindana kupo, na hata utani wa mshindi kwa mshindwa upo. Atakayetuambia kwamba Muislamu hana ruhusa ya kucheka timu yake inapofunga, na atuletee dalili.

Yapo mambo mengine yanayouzunguka mchezo huu ambayo hukumu yake haina mjadala. Kamari ya mechi ni kamari, hata ikiitwa kwa jina gani. Mechi nyingi za watani huanza saa 11 jioni na humalizika Magharibi ikiwa imeshaingia, na maelfu ya watu hutoka uwanjani na katika vibanda umiza bila hata kuikumbuka. Na ushirikina wa zile zinazoitwa kamati za ufundi, mpaka timu inaona afadhali ilipe faini kuliko kupita mlango rasmi wa uwanja, hilo tumeliandika mara nyingi na tutaliandika tena, inshaallah. Leo tunalenga jambo moja tu.

Jambo hilo tulitazame kwanza katika sura yake nyepesi. Kati ya mwaka 2021 na 2023 alikuwepo Yanga mshambuliaji kutoka Kongo, Fiston Mayele, ambaye kila alipofunga alikuwa akitetemeka mwili mzima kwa namna yake. Nchi nzima ikatetema. Msimu wa 2022/23 alifunga mabao 17 katika ligi na mabao 7 katika Kombe la Shirikisho la Afrika, na katika kila bao watoto wetu wa madrasa walikuwa na somo jipya la viungo wakati wa mapumziko. Baadhi ya wazee walitutaka tuandike makali juu ya kutetema kule. Hatukuona sababu ya kufanya hivyo. Sisi hatuwafundishi watoto kucheza ngoma, na tungependa kijana wa Kiislamu anapofurahi awe na haya na utulivu. Lakini tulipokitazama kitendo kile, hatukumwona aliyedhulumiwa. Yule mtu alifurahi na wenzake, akarudi katikati, mchezo ukaendelea. Mwenye kuhesabu makosa ya uwanjani asianzie hapo.

Sura ya pili ni ile ambayo Waislamu wengi huiona na kusisimkwa: mchezaji anafunga, anaporomoka kifudifudi, anasujudu. Timu ya taifa ya Misri iliyochukua Kombe la Afrika mara tatu mfululizo, 2006, 2008 na 2010, ilipewa na Waarabu jina la timu ya wenye kusujudu. Hapa kwetu nako tunawaona vijana wakifanya hivyo katika ligi, mpaka katika viwanja vya vumbi vya mitaani. Asili ya sijida ya shukrani imethibiti. Katika hadithi ya Abu Bakra iliyopokewa na Abu Dawud, Tirmidhi na Ibn Majah imekuja kwamba Mtume (s.a.w.) lilipomfikia jambo la kumfurahisha aliporomoka akasujudu kumshukuru Allah, na Kaab bin Malik (r.a.) alisujudu alipoisikia sauti ya mbashiri akimpa habari kwamba toba yake imekubaliwa. Wanachuoni wa zama zetu wamehitilafiana: je, bao la mpira ni neema ya kusujudiwa, au ni mchezo ambao ibada haifai kuchanganywa nao? Wapo waliokataza, wapo walioona hakuna ubaya. Kwa upande wetu, hatuwezi kumnyanyua mtu kutoka katika sijida kwa sababu tu ya mahali alipo. Nia yake aijuaye ni yule aliyemsujudia.

Swali letu ni juu ya anachokifanya akinyanyuka.

Tumewaona, wala hatutataja majina, kwani mwendo wa Mtume (s.a.w.) alipokemea ulikuwa ni kuuliza wana nini watu wanaofanya kadha na kadha, bila kumtaja mtu. Tumewaona vijana wa Kiislamu wakisujudu sekunde tatu, kisha wakinyanyuka na kukimbilia jukwaa la mashabiki wa timu pinzani. Mmoja anaweka kidole mdomoni kuwanyamazisha. Mwingine anatega sikio, yaani semeni sasa. Mwingine anawahesabia mabao kwa vidole. Paji la uso bado lina majani ya uwanja! Ndugu zetu, ile sijida ilikuwa inasema kwamba bao hili si langu, ni neema ya Mola wangu. Kidole kile kinasema kwamba bao hili ni langu, na ninyi ni wanyonge wangu. Kauli mbili hizi hazikai katika kifua kimoja, na ya pili ndiyo itakayobaki machoni mwa watu.

Lugha ya Qur'an imelipa tendo hilo jina lake, nalo ni shamata: kufurahia masaibu yaliyomfika mwingine na kumwonesha furaha hiyo. Shamata siyo furaha ya kupata. Ni furaha ya mwenzako kukosa. Nabii Harun (a.s.), ndugu yake alipomshika kichwa na kumvuta kwa hasira, alimwomba asiwape maadui nafasi ya kumfurahia katika hali ile, kama ilivyo katika Suratul Aaraf aya ya 150. Tazameni ukubwa wa jambo. Mtume mzima wa Mwenyezi Mungu, katikati ya fitina ya ndama, anaona kuchekwa na maadui ni msiba unaostahili kuombewa kinga. Na Mtume wetu (s.a.w.) alikuwa akijikinga kwa Allah na mambo manne katika dua iliyothibiti kwa Bukhari na Muslim, na la nne lake ni hilo hilo, shamata ya maadui.

Wanalugha wa Kiarabu wana faida nzuri hapa. Mtu anapopiga chafya akamhimidi Allah, ukamwombea rehema, kitendo chako huitwa tashmiti, na baadhi yao wamesema neno hilo limetoka katika mzizi uleule wa shamata, kwa maana kwamba unamwombea Allah amwepushe na hali ya kuchekwa na wabaya wake. Kwa hiyo Muislamu ambaye ndugu yake akipiga chafya tu anampa dua ya kumkinga na shamata, huyohuyo ndugu yake akifungwa mabao matano anaibeba shamata yenyewe na kumpelekea mlangoni!

Huenda mtu akasema: masheikh mnaingiza dini katika mambo ya mpira, mpira una sheria zake. Vema, tuzitazame hizo sheria. Sheria ya 12 ya mchezo huu, inayotumika duniani kote, inamruhusu mchezaji kushangilia bao ila asizidishe. Imeagiza aoneshwe kadi ya njano akifanya ishara za uchokozi au za dhihaka, akiparamia uzio wa uwanja, akivua jezi au akijifunika kichwa nayo. Na kadi hiyo haifutwi hata kama bao lenyewe limekataliwa. Waliotunga sheria hiyo hawakusoma katika madrasa zetu. Wameyaona matokeo tu.

Matokeo hayo yako wazi. Septemba 2009, Emmanuel Adebayor, wakati huo akiichezea Manchester City, aliifunga timu yake ya zamani, Arsenal, kisha akakimbia urefu wote wa uwanja kwenda kushangilia mbele ya mashabiki wao. Vikarushwa vitu, watu wakasukumana, na mlinzi mmoja wa uwanjani aliyekuwa kazini akaumia. Mchezaji akatozwa faini ya pauni 25,000. Machi 2025 huko Brazili, katika dakika za mwisho za fainali ya jimbo la São Paulo, Memphis Depay wa Corinthians alipanda juu ya mpira akasimama kwa miguu miwili mbele ya wachezaji wa Palmeiras. Hakumpiga mtu wala hakumtukana mtu. Ugomvi ukazuka palepale, na Aprili mwaka huohuo shirikisho la soka la nchi ile likaagiza kwamba mwenye kufanya hivyo apewe kadi ya njano. Na hao ni Wabrazili, watu ambao dunia imejifunza kwao chenga, kanzu na tobo! Wamepambanua kati ya chenga inayotafuta bao na chenga inayotafuta kumdhalilisha mtu, kwa kuwa ya kwanza ni mchezo na ya pili ni tusi lisilo na maneno.

Wala adabu haikuwashinda wenye nguvu. Ujerumani ilipoifunga Brazili 7 kwa 1 katika nusu fainali ya Kombe la Dunia, tarehe 8 Julai 2014, beki wao Mats Hummels alieleza baadaye kwamba wakati wa mapumziko, wakiwa tayari wanaongoza kwa mabao matano, walikubaliana waendelee kucheza kwa makini na wasiwadhalilishe wenyeji wao. Aprili 2018, Mohamed Salah aliifunga Roma mabao mawili katika nusu fainali ya Ligi ya Mabingwa wa Ulaya, na mara zote mbili hakushangilia, aliinua mikono tu, kwa heshima ya watu aliowahi kula mkate wao. Mechi ile ilikwisha kwa 5 kwa 2. Ilikuwa ni khamsa nayo, lakini mfungaji alijua kuchagua.

Tunalitaja jina jingine la Misri, Mohamed Aboutrika, kwa sababu mbili. Ya kwanza ni Januari 2008 nchini Ghana, alipoifunga Sudan akainua jezi yake, na chini yake pakaonekana maandishi ya kuwahurumia watu wa Gaza. Alipewa kadi ya njano. Sheria ilikuwa hivyo, lakini angalieni, furaha yake ilimpeleka kuwakumbuka waliofikwa, wala hakuwacheka. Ya pili ni tarehe 1 Februari 2012 mjini Port Said. Siku hiyo alikuwa uwanjani na Al Ahly dhidi ya Al-Masry. Al-Masry ilishinda 3 kwa 1. Iliyoshinda! Na ni mashabiki wa timu hiyo iliyoshinda waliovamia uwanja na majukwaa ya wageni, na watu zaidi ya 70 wakafa usiku ule. Wengi wamesema siasa iliingia, nasi hatukatai. Ila siasa ilikuta kuni zimeshakauka. Chuki baina ya mashabiki wa timu mbili zile ilikuwa imelishwa kwa nyimbo, mabango na kejeli miaka na miaka, na wote, wauaji na waliouawa, ni watu wa nchi moja na wengi wao wa Kibla kimoja.

Tukifika hapa hujibiwa kwamba sisi Watanzania si hivyo, kwamba Simba na Yanga ni watani wa jadi na hayo yote ni utani. Jibu hili tunaliheshimu, kwa sababu lina ukweli ndani yake. Yanga ilianza mwaka 1935, na wenzao wakaanza mwaka 1936, wakapita katika majina kadhaa likiwemo la Sunderland kabla ya kuitwa Simba mwaka 1971. Katika muda wote huo watu wa jiji hili wamekaa nyumba moja, baba wa Jangwani, mama wa Msimbazi, na kisu hakikutoka alani. Jambo hilo ni neema ya kushukuriwa.

Lakini anayeleta hoja ya utani na autazame utani wenyewe. Mnyamwezi na Mzaramo wana utani wao tangu enzi za misafara. Mtani alikuwa na haki ya kukutania mpaka ukakosa la kusema. Pia alikuwa na kazi. Ukifiwa, mtani ndiye aliyefika mapema, akachimba kaburi, akachota maji, akasimamia wageni. (Mizaha yao mbele ya maiti hatukubaliani nayo, na hilo ni suala jingine.) Neno lake kali ulilivumilia kwa kuwa mkono wake ulikuwa juu ya jembe siku ya msiba wako. Haki ya kutania ilinunuliwa kwa wajibu. Sasa huyu kijana anayepita usiku juu ya bodaboda, honi mdomo wazi kutoka Kimara Mwisho mpaka Temboni, akisimama mbele ya nyumba ya mzee mmoja kwa sababu tu mzee yule huvaa fulana nyekundu, au ya kijani, yeye msiba wa mzee yule ataujua? Atafika? Kama jibu ni hapana, huo si utani. Ni kejeli iliyoazima jina.

Na pana jambo moja ambalo kwalo hatuna upole. Tumeshuhudia, zaidi ya mara moja na kwa pande zote mbili, mashabiki wakibeba jeneza lililofunikwa rangi za timu pinzani, wakilipitisha kwa mwendo wa mazishi, wengine wakijifanya wafiwa, wengine wakiigiza hata dua. Wengi wa wanaolibeba ni watoto wa Kiislamu. Jeneza, enyi ndugu! Kile chombo ambacho Mtume (s.a.w.) alituamuru tusimame kinapopita, na ambacho kila mmoja wetu atalala ndani yake bila kuulizwa anashabikia nini.

Tukumbushane la mwaka 2012. Tarehe 6 Mei mwaka ule Simba iliifunga Yanga mabao 5 kwa 0, na miongoni mwa wafungaji alikuwemo kiungo Patrick Mafisango. Siku 11 baadaye, tarehe 17 Mei, alifariki katika ajali ya gari hapahapa Dar es Salaam. Hatusemi, na hatumruhusu yeyote aseme, kwamba kifo kile kilikuwa na uhusiano wowote na bao lile. Ajali hutufika sote na ajali za watu hazina timu. Tunasema tu kwamba katika siku 11 zile vicheko vya mabao matano vilikuwa bado havijaisha mitaani, na palikuwa na jeneza la kweli. Aliyewahi kulibeba la mzaha anajua mwenyewe alivyojisikia.

Kuna mafunzo ya sira ambayo tunayaona yanafaa zaidi kwa viongozi wa klabu, wasemaji wao na wenyeviti wa matawi, maana shabiki hufuata sauti inayomtangulia. Mwaka wa 8 Hijria, jeshi la Waislamu lilipokuwa likiingia Makka, Saad bin Ubada (r.a.), mshika bendera wa Ansari, alimpitia Abu Sufyan akamtupia neno la tambo, kwamba leo ndiyo siku ya mauaji na leo Al-Kaaba itahalalishwa. Abu Sufyan akamfikishia Mtume (s.a.w.), naye akalikanusha neno lile, akasema kuwa leo ni siku ambayo Allah anaitukuza Al-Kaaba. Asili ya kisa hiki imo katika Bukhari. Na katika riwaya za sira imekuja kwamba bendera iliondolewa mkononi mwa Saad, na wengi wametaja kuwa alikabidhiwa mwanawe Qays. Saad alikuwa bwana wa Khazraj, mtu mkubwa katika Uislamu, na waliotambiwa walikuwa ni wale waliowatoa Waislamu majumbani mwao na kuwapiga vita miaka minane. Kama palikuwa na ushindi uliohalalisha kejeli, ni ule. Naye Mtume mwenyewe, wasimulizi wa sira wanasema, aliingia mji ule akiwa ameinamisha kichwa juu ya ngamia wake kwa kumnyenyekea Mola wake, mpaka ndevu zake zikakaribia kugusa tandiko.

Siku hizi klabu zinawalipa watu mishahara kwa kazi ya kutamba. Klabu ikishinda, msemaji anatafuta neno la kuchoma. Ikishindwa, anatafuta mwamuzi wa kulaumu. Nasi husambaza maneno yale kwenye simu zetu kabla hatujasoma hata nyiradi za jioni. Mshika bendera wa namna hiyo, katika mwendo wa Mtume, angepokonywa bendera.

Kuhusu upande wa pili, wa kushindwa, nao una adabu yake. Mtume (s.a.w.) alikuwa na ngamia jike akiitwa Al-Adhbaa ambaye hakuwa akishindwa mbio. Akaja bedui mmoja juu ya ngamia kijana, akamshinda. Waislamu wakaumia sana. Mtume alipoliona lile katika nyuso zao aliwaeleza kwamba ni ada ya Mwenyezi Mungu iliyo haki, kuwa hakuna kitu cha dunia kinachopanda ila atakishusha. Hadithi hii imo katika Bukhari kutoka kwa Anas (r.a.), na sisi huwa tunaisoma huku tukiikumbuka orodha ambayo kila mpenda mpira wa nchi hii anaijua kwa moyo: Yanga 5 kwa 0 mwaka 1968, Simba 6 kwa 0 mwaka 1977, Simba 5 kwa 0 mwaka 2012, Yanga 5 kwa 1 mwaka 2023. Hakuna upande ambao haukuwahi kuwa juu, na hakuna ambao haukuwahi kuwa chini. Walionyoosha vidole vitano mwaka 2012 ndio walionyooshewa mwaka 2023, pengine na majirani walewale. Katika Suratul Hadid aya ya 23 Allah ametufundisha tusihuzunike mno kwa kilichotupita wala tusitakabari kwa alichotupa. Aya moja imewakusanya mashabiki wote wawili.

Haya tunayaandika kwa sababu yamefika mlangoni kwetu. Katika msikiti mmoja wa huku Kimara, baada ya mechi ile ya Novemba 2023, waumini wawili, watu wazima wenye wajukuu, waliacha kupeana mikono kwa wiki kadhaa. Mmoja alimpokea mwenzake kwenye kizingiti cha msikiti, mbele ya watoto, kwa vidole vitano badala ya salamu. Wa pili aligeuka, akaenda kuswali msikiti mwingine. Walisuluhishwa, alhamdulillah, na aliyewasuluhisha ni mzee mmoja ambaye hajapata kutazama mechi hata moja maishani mwake. Lakini watoto waliokuwepo kizingitini waliliona la kwanza. La suluhu, lililofanyika ndani ya chumba cha imamu, hawakuliona. Wiki iliyofuata, katika madrasa, mtoto mmoja alikosea katika kusoma na wenzake wakamnyooshea vidole. Hawakuwa wakizungumzia mpira. Walikuwa wameshajifunza namna ya kumtazama aliyekosea.

Kwa vijana wetu wanaocheza, kuanzia ligi kuu mpaka timu za mitaa ya Baruti na Korogwe: furahini, kumbatianeni, na anayetaka kusujudu asujudu, kisha arudi katikati ya uwanja bila kupitia jukwaa la watu wengine. Kwa wazazi: mtoto wako akija na fulana ya timu, muulize kama ameshampa mkono rafiki yake wa timu ya pili. Kwa kamati za misikiti: habari za timu ziishie nje ya mahali pa viatu, na jeneza la msikiti lifungiwe, ufunguo ukae kwa imamu, asipewe mtu kwa kisingizio chochote kisichokuwa maiti.

Na kwa viongozi wa matawi ya Simba na Yanga wa Kimara, ambao wengi wao ni waumini wenzetu, tumewaandikia barua moja yenye maneno mamoja. Tumewaomba mambo mawili kabla ya mechi ijayo ya watani: pasiwepo jeneza la mzaha katika kata yetu, na msafara wa washindi usipite mbele ya tawi la walioshindwa wala mbele ya msikiti wakati wa Magharibi na Isha. Viongozi wa pande zote mbili wamealikwa kuijibu barua hiyo ana kwa ana, Jumapili ya kwanza ya mwezi ujao baada ya swala ya Alasiri, katika ukumbi wa madrasa. Kahawa ipo. Fulana za timu zinaruhusiwa.

Wabillahi tawfiq.